Mwaka wa kwanza baada ya shule hauna mwenyewe

Novemba 2026 kundi la kwanza la watoto wa elimu bila ada litaweka kalamu chini. Ni wale walioandikishwa darasa la kwanza Januari 2016, mwezi ambao mpango huo ulianza na shule zikafurika hadi watoto wakaketi sakafuni. Waliokwenda bila kukwama walimaliza darasa la saba mwaka 2022, wakaingia kidato cha kwanza Januari 2023, na sasa wanaelekea mtihani wa kidato cha nne.

Kila kundi hili lilipofika hatua mpya, taifa lilihangaika kulipokea. Mwaka 2016 nchi nzima ilichangishana madawati. Mwaka 2022 serikali ilijenga madarasa 8,000 kwa ajili ya kidato cha kwanza cha mwaka uliofuata, na wakuu wa mikoa wakakabidhi majengo wakiwa na tarehe ya mwisho mkononi. Safari hii hatusikii hangaiko lolote. Hakuna kiongozi aliyeulizwa vijana hawa watakuwa wapi Desemba, wala aliyepewa tarehe ya mwisho.

Swali hilo linagusa kila kata nchini, lakini zipo kata ambako linauma zaidi. Uchindile, katika Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba mkoani Morogoro, ni mojawapo. Ipo juu kwenye mbavu za Udzungwa, pale reli ya TAZARA inapolipa kisogo Bonde la Kilombero na kupanda kwa mahandaki na madaraja kuelekea Makambako. Mji wa Ifakara, wenye hospitali kubwa, vyuo na masoko, uko zaidi ya kilomita 100 kutoka huko, na mvua zikikolea barabara hugeuka tope. Kijana anayemaliza shule mjini hurandaranda mbele ya milango mingi iliyofungwa. Wa Uchindile hana hata mlango wa kubisha.

Tujiulize kwanza kijana huyu anapoteza nini siku anayorudisha vitabu. Kwa miaka 11 siku yake ilipangwa na kengele, ambayo katika shule nyingi za vijijini ni ringi ya gari iliyoning'inizwa mtini. Alidamka alfajiri kuwahi namba, fagio mkono mmoja na kidumu cha maji mkono wa pili. Akakimbia mchakamchaka, akaitwa jina na kuitikia. Asipoonekana, mwalimu aliuliza, na utoro ukizidi mtendaji wa kijiji alimfuata mzazi nyumbani. Alikuwa na wenzake, zamu, cheo cha kiranja, muhula unaoanza na unaokwisha. Mambo haya yote hukatika kwa siku moja. Kesho yake hakuna anayemwita jina.

Wiki za mwanzo huonekana kama likizo. Kisha huja kusubiri matokeo, ambayo hutoka Januari. Waliochaguliwa kidato cha tano na vyuo hupata shule na tarehe ya kuripoti katikati ya mwaka. Asiyechaguliwa haandikiwi barua na mtu yeyote. Baba anamwambia avute subira, mjomba aliyeko Dar es Salaam anaahidi kupiga simu, mwezi unapita, na kijana anajikuta kutwa kijiweni akisubiri jambo ambalo hata yeye hawezi kulitaja. Hajafukuzwa popote na hajakataa kazi yoyote. Amebaki tu, na hakuna ofisi ambayo kazi yake ni kumuulizia.

Zamani ardhi ilimwokoa. Aliyemaliza darasa la saba katika Bonde la Kilombero alikatiwa kipande na baba yake, akashika jembe, na msimu ukawa kengele mpya: kuandaa shamba, kupanda, palizi, kuamia ndege, kuvuna. Wasichana nao walipokelewa na makungwi, na ingawa hatutamani kurudishiwa kila kilichofundishwa mwalini, tukubali kwamba jamii ilijua kuwa kati ya utoto na utu uzima pana daraja, na darajani ikaweka mtu wa kumshika mkono anayevuka.

Ardhi hiyo sasa imebanwa. Ardhioevu ya Kilombero iko kwenye orodha ya Ramsar tangu 2002, Hifadhi ya Milima ya Udzungwa ilitangazwa 1992, na kati yake kuna miwa, misaji, na shamba kubwa la mpunga la Mngeta ambalo limepita mikono kadhaa tangu enzi za ubia na Wakorea. Wafugaji na wakulima wamekuja kutoka kila upande, na mwaka 2012 mifugo iliswagwa kwa operesheni ili kuliokoa bonde. Huko Uchindile kwenyewe kampuni ya Green Resources yenye asili ya Norway imekuwa ikipanda misonobari na mikaratusi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na msitu huo ukauza hewa ya ukaa kabla wengi wetu hatujajua kwamba hewa huuzwa. Hatusemi hifadhi zifutwe wala miti ing'olewe. Tunasema kwamba kipande cha baba, ambacho kwa vizazi viwili kiliificha serikali isionekane haina mpango, kimekwisha au kiko karibu kwisha.

Upande wa sheria, hali ni ya kushangaza. Anayeishia darasa la saba ana miaka 13 au 14. Anayeishia kidato cha nne ana 17 au 18. Sheria ya ajira ya 2004 inaruhusu mtoto wa miaka 14 kufanya kazi nyepesi, na inamkataza kazi za hatari hadi afikishe 18. Ni sawa kabisa. Lakini kitambulisho cha taifa husubiri miaka 18, na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni fungu la vijana, hutolewa kwa vikundi vya waliotimiza umri huo. Kwa miaka minne kijana hatambuliki kama mwanafunzi, mfanyakazi wala mkopaji. Kwa msichana upo mlango mmoja tu ambao sheria haikuufunga mapema: Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu aolewe akiwa na miaka 15. Mahakama Kuu ilivikataa vifungu vinavyoruhusu hilo mwaka 2016, Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo Oktoba 2019, na marekebisho yakakokotwa kwa miaka. Msichana wa miaka 15 aliyeachwa nyumbani bila ratiba, bila fedha na bila mtu wa kumuulizia, mchumba akija, nani atashangaa ndoa ikifungwa?

Tutajibiwa kwamba milango ipo. Ni kweli ipo, tena mingine iko ndani ya bonde hilo hilo. Jeshi la Kujenga Taifa lina kikosi cha 837 KJ pale Chita. Ifakara kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI, ambacho wazee bado wanakiita KATRIN. Tangu Novemba 2021 waraka wa serikali unawaruhusu walioacha shule, wakiwamo waliopata ujauzito, warudi darasani. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeleta mkondo wa amali. Kasoro ni kwamba kila mlango unamsubiri kijana aufikie mwenyewe, akiwa na nauli, taarifa na ujasiri, vitu vitatu ambavyo mtoto aliyeachwa juu mlimani baada ya matokeo mabaya hana hata kimoja. Nafasi za kujitolea JKT hutangazwa. Tangazo humfikia nani? Fomu za chuo huchukuliwa. Kwa nauli ya nani?

Wapo pia wanaosema vijana wa siku hizi hawapendi kazi. Gazeti hili halikubaliani nao. Treni ya abiria inaposimama Mlimba, watazame wanaoikimbilia na mabeseni kichwani: ndizi mbivu, mihogo ya kuchemsha, maji ya chupa. Wanauza kwa kukimbia, chenji inarushwa dirishani behewa likiwa limeshaanza kutambaa. Hao ndio wavivu wetu. Nguvu wanayo. Kinachokosekana ni kazi inayomfundisha mtu kitu leo ambacho kesho atakijua zaidi, ili baada ya mwaka aweze kueleza ametoka wapi na anakwenda wapi.

Reli hiyo hiyo inathibitisha kwamba jambo hili liliwahi kuwezekana. Ilipojengwa, kuanzia 1970 hadi kukabidhiwa mwaka 1976, maelfu ya vijana wa Kitanzania na Kizambia walifanya kazi bega kwa bega na mafundi wa Kichina. Kipande cha kati ya Mlimba na Makambako, kinachopita Uchindile, ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote. Wengi walifika hawajui hata spana, wakajifunza kwa kutazama na kushika, na baadhi wakabaki kuwa watumishi wa reli hadi kustaafu. Septemba 2025 Tanzania, Zambia na kampuni ya Kichina ya CCECC zilitia saini mkataba wa kuifufua TAZARA, uwekezaji wa takriban dola za Marekani bilioni 1.4 kwa muda wa miaka 30. Wachina watapita tena Uchindile. Je, safari hii vijana wa huko watakuwa ndani ya kazi wakijifunza, au watakuwa pembeni ya reli na mabeseni yao?

Na tusidanganyane kwamba nchi hii haina uwezo wa kufuatilia viumbe mmoja mmoja. Katika milima hiyo hiyo ya Udzungwa, bwawa la Kihansi lilipopunguza maji ya maporomoko, chura mdogo anayeishi kwenye manyunyu yake, aliyegunduliwa mwaka 1996 tu, akawa hatarini. Mwaka 2000 vyura 499 walihesabiwa, wakapandishwa ndege hadi Marekani na kutunzwa huko. Korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji badala ya manyunyu ya asili. Na mwaka 2012, baada ya chura huyo kutangazwa kutoweka porini, wakaanza kurudishwa nyumbani. Ilikuwa kazi ya heshima, nasi tunaisifu. Basi umefika wakati wa kuuliza kwa nini idadi ya vyura waliotolewa korongo moja ilijulikana hadi wa mwisho, ilhali mtendaji wa kata hawezi kusema wahitimu wangapi wa mwaka jana wako shambani, wangapi wameolewa, wangapi wamepanda treni kwenda kuwa wadada wa kazi Dar es Salaam, na wangapi wapo tu.

Kusubiri kuna bei yake, na bei hiyo ina tarehe. Wimbi la kwanza ni Novemba 2026. La pili linajulikana tayari: kwa kuwa elimu ya msingi inapunguzwa kuwa miaka sita, mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja, wataingia kidato cha kwanza pamoja Januari 2028, na makundi hayo mawili yatamaliza kidato cha nne kwa mkupuo Novemba 2031. Watakaoachwa bila mwelekeo 2026 ndio watakaokuwa kaka na dada wa kijiweni wa kuwapokea hao wa 2031. Mwaka mmoja wa kukaa bure unavumilika. Miaka mitano huzaa mtu ambaye amekwisha kuzoea kutotarajiwa mahali popote, na hakuna mkopo wa halmashauri unaomrudisha kirahisi. Atakuwa na hasira na atakuwa na simu, na siku ya kwanza atakayoitwa kwa jina lake huenda mwitaji akawa na nia mbaya. Viongozi watakaoitisha vikao vya usalama siku hiyo wakumbuke kwamba kikao cha elimu kingetosha sasa.

Msimamo wetu ni kwamba wajibu wa shule na wa kata kwa kijana usikome siku ya mtihani. Kwa mwaka mmoja baada ya kumaliza, kila mhitimu awe na jina katika daftari la kata, na awe na mtu mmoja anayewajibika kwake: afisa maendeleo ya jamii, au mwalimu atakayelipwa posho kwa kazi hiyo. Mtu huyo amtafute kila robo mwaka, amuulize yuko wapi, amjazie fomu ya chuo, amwandikie barua ya JKT, ampe nauli ya kufika Ifakara kutoka katika fungu litakalotengwa kwa jina. TAMISEMI inayodai takwimu za mahudhurio ya darasani kila muhula idai na hizi, na mkurugenzi apimwe kwazo.

Wanaovuna katika ardhi ya bonde nao wabebe sehemu yao. Mashamba ya miti, viwanda vya sukari na mkandarasi wa reli wachukue idadi inayojulikana ya vijana wa kata wanakofanyia kazi, kwa uanagenzi wenye mkataba, posho na cheti kinachotambuliwa na VETA. Kibarua cha palizi kinachokwisha na msimu kisihesabiwe. Kwa TAZARA jambo hili liandikwe katika masharti ya kazi kabla mafundi hawajafika Mlimba, kwa sababu baada ya hapo litakuwa ombi.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na wahitimu wa Novemba watakuwa tayari mtaani kabla nusu yake haijaisha. Madiwani wa Mlimba wana nafasi ya kuutengea mpango huu fedha, na wakishindwa waeleze hadharani ni kipi kilichoutangulia. Daftari lenyewe halihitaji bajeti wala waraka kutoka Dodoma. Majina ya waliofanya mtihani Novemba iliyopita yapo kwa mkuu wa shule, na mtendaji wa kata anaweza kuanza kuyanakili Jumatatu.