Bunduki mbovu si amani: silaha zinazorudishwa zipimwe, zisihesabiwe tu

BUNIA, Ituri – Kila mara kundi la wanamgambo linapotangaza kurudisha silaha, habari hufika haraka katika kambi ya Kigonze. Hotuba hutolewa, picha hupigwa, hesabu ya bunduki hutajwa, na wakimbizi wa vita huanza kuulizwa watarudi lini Djugu. Swali moja husahaulika: bunduki hizo zinafyatua?

Ituri imezoea hesabu. Mpango wa kupokonya silaha na kurudisha wapiganaji katika jamii ulianza hapa Septemba 2004. FRPI ilitia sahihi mkataba na serikali kule Gety tarehe 28 Februari 2020. P-DDRCS iliundwa Julai 2021. Hata hivyo, usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, wakimbizi zaidi ya 50 waliuawa katika kambi ya Plaine Savo. Waliozika watu wao pale wana haki ya kudai zaidi ya namba.

Wanaopokea silaha wajifunze kwa mwindaji. Anapouziwa bunduki ya kiwandani, ile ya komeo ya aina ya Mauser, hadanganywi na mbao iliyopakwa mafuta. Kwanza anahakikisha haina risasi. Anachomoa komeo, anautazama mtutu kwa nyuma akiuelekeza kwenye mwanga. Mifuo ya ndani inayoizungusha risasi lazima ionekane wazi; ikiliwa na kutu, risasi haiendi inapolengwa. Anakagua meno mawili ya mbele ya komeo, kwa sababu yakiwa na ufa, mlipuko unaweza kumrudia usoni. Anatazama pini inayogonga risasi, na kitako kama kimepasuka. Mwisho anasoma namba: ya komeo na ya mtutu zikitofautiana, huenda bunduki imeungwa kwa vipande vya bunduki mbili. Kazi yote ni ya dakika chache.

Mwindaji anajisumbua hivyo kwa ajili ya nyama ya mboloko. Je, uhai wa kijiji kizima haustahili dakika hizo?

Kuna jambo la pili. Hata bunduki nzima ya kuwinda haiwezi kuhesabiwa sawa na kalashi. Ile ya komeo hupiga risasi moja, kisha mkono uvute komeo tena. Ni chombo cha mwindaji, na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 inasimamia uwindaji nchini. Mpiganaji anayerudisha bunduki ya babu yake huku kalashi ikibaki porini hajaweka silaha chini. Amebadilisha chuma chakavu kwa msaada wa kuanza maisha.

Wengine watasema kila bunduki inayotoka mikononi mwa watu ni faida. Ni kweli, na hata mbovu ipokelewe, maana fundi anaweza kuitengeneza. Lakini iandikwe kuwa ni mbovu. Ikipewa thamani sawa na nzima, kila mtu atatafuta mbovu ya kupeleka na kuificha nzima.

Dawa si ngumu. Kila silaha iandikwe aina yake, namba yake, na kama inafyatua au haifyatui. Mkataba wa Kinshasa kuhusu silaha ndogo, ulioanza kufanya kazi Machi 2017, unazidai serikali za Afrika ya Kati ziweke alama na kumbukumbu za silaha. Orodha hiyo isomwe redioni kwa Kiswahili, na silaha ziharibiwe mbele ya wajumbe wa wakimbizi.

Mama wa Kigonze anayefikiria kurudi kwenye shamba lake la mihogo anaamua juu ya uhai wa watoto wake. Asipewe hesabu ya vyuma. Aambiwe ni bunduki ngapi zilizokuwa zikiua jana, ambazo leo haziwezi kuua tena.