Acheni Kutuamrisha Tusilie

Yapata miezi mitatu na nusu sasa tangu nifiwe na mke wangu, niliyeishi naye miaka 36. Siku ya tatu ya matanga, mshairi mmoja ninayemheshimu aliniletea kwa simu shairi la rambirambi lenye beti saba. Vina vyake havikuwa na dosari, wala mizani haikupungua. Nililisoma mara mbili, kisha nikafanya jambo ambalo mwalimu hawezi kujizuia kulifanya: nikahesabu. Mke wangu alitajwa katika ubeti wa kwanza tu. Beti sita zilizobaki zilikuwa za kuniamrisha. Futa machozi. Jikaze. Mwanamume halii. Shukuru. Sahau. Na kituo chake kilirudia mara saba kwamba kilio hakimrudishi aliyekufa, kana kwamba mimi nililia ili arudi.

Simtaji, kwa kuwa hakukosea peke yake. Amefuata desturi tuliyoizoea sisi watunzi, nami nimekuja kuipinga: desturi ya kutunga tanzia isiyomlilia marehemu wala kumsikiliza mfiwa, bali inayomnyamazisha.

Tuanze na lugha, maana ndiyo iliyotukutanisha hapa. Kitenzi 'kufa' hakina mtendwa. Anayekufa hufa, basi. Lakini Kiswahili hakikuridhika na hapo, kikakinyambua: kufa, kufia, kufiwa. Kama mtu anavyonyeshewa na mvua au kuingiliwa na wezi, ndivyo anavyofiwa. Hakufanya neno, jambo limemwangukia. Sarufi yetu inakiri kuwa kifo kimoja kina watu wawili, aliyeondoka na aliyeachwa, na huyu wa pili ikampa jina lake, mfiwa.

Liwekeni kando ya hilo neno 'jikaze'. Twakaza kamba, twakaza nati, twakaza fundo. Kiambishi 'ji' kinamrudishia mtu kazi yote mikononi mwake. Yule ambaye sarufi ilimtambua kuwa ametendwa, sasa anaagizwa awe mtenda na mtendwa kwa pamoja, ajifunge mwenyewe kama mzigo. Na aliyeagiza ameshapanda daladala, anarudi kwake.

'Pole' haifanyi hivyo. Ni ndugu ya upole na polepole. Haimwagizi mfiwa lolote, wala haijifanyi kujua kwa nini marehemu amekufa. Jirani yangu, bibi asiyejua kusoma, aliingia siku ya kwanza akasema, "Pole, baba," akakaa mkekani hadi magharibi. Hakuongeza neno. Nimesoma ushairi na kuufundisha maisha yangu yote, na sijapata ubeti ulionifaa kama neno lile.

Linganisheni na ule ujumbe unaopita kutoka simu hadi simu: tulimpenda, lakini Mungu kampenda zaidi. Mwenye kuniandikia hayo amejuaje? Tena amenitia katika mashindano ya mapenzi ambayo sikuyaingia, na papo hapo akanitangaza kuwa nimeshindwa.

Najua mtanijibu nini. Mtasema dini imekataza. Mimi sisemi habari za kujitupa chini na kuchana nguo. Waislamu wamepokea kwamba Mtume alitokwa na machozi mwanawe Ibrahimu alipofariki, na Wakristo husoma kwamba Yesu alimlilia Lazaro. Mjane wa Kiislamu ana eda ya miezi 4 na siku 10. Sheria imempa muda wote huo. Mshairi anampa beti saba, kisha anamtaka awe amemaliza.

Mtasema pia kwamba ushairi wetu ni wa mawaidha tangu jadi. Sibishi. Ila Shaaban Robert, ambaye kwa mawaidha hana mfano, alipofiwa na mkewe alitunga 'Amina', shairi lililomo katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Humo anasema na Amina mwenyewe. Sisi wengine tunasikiliza tu, mlangoni.

Na hapa nina kosa la kukiri. Shairi hilo nililifundisha miaka mingi. Niliandika ubaoni: tarbia, vipande viwili, mizani nane nane, vina vya kati na vya mwisho. Mwaka mmoja msichana wa kidato cha tatu alianza kulia darasani. Alikuwa amefiwa na mama yake wakati wa likizo, nami nilijua. Nilimwambia atoke nje akanawe uso, arudi tuendelee na vina. Akarudi. Akajibu maswali yote sawasawa, nami nikampa alama zote. Wanafunzi niliowasifu nimewasahau wengi. Yeye hunijia usiku, siku hizi hasa, akiwa na uso uliolowa maji ya bombani.

Kwa hiyo ninachodai kwenu si kikubwa. Kabla hamjashika kalamu, muulizeni mfiwa habari za mtu wake. Alikuwa akiitwa nani nyumbani? Alikasirishwa na nini? Mke wangu alikuwa akisahihisha barua zangu kwa kalamu nyekundu aliyoninyang'anya mwenyewe, na chai yake ilikuwa na tangawizi kali hata wageni wakakohoa. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza. Tanzia yenye tangawizi ile ningeipokea hata kama vina vyake vingekuwa vya kulazimisha, na guni ningelisamehe, mimi niliyekuwa silisamehi.

Nimejaribu mwenyewe. Watakaohesabu mizani na wahesabu.

Kukicha nikiamka, nageukia pembeni,
Chai bado naiweka, vikombe vyetu mezani,
Khanga yako naishika, harufu imo nguoni,
Siku mia zimefika, nikuulize kwa nani?

Ubeti wa pili haujaja.