"Tutapanga" sio jibu la mteja aliyelipa

Nauza mashuka na mapazia mtandaoni, nipo Matogoro hapa Songea. Shule niliishia kidato cha nne na Kiingereza changu ni cha kuungaunga, nikikosea mnisahihishe. Ila kuna neno moja la Kiingereza limeniondolea hela na mteja, nalo ni "arrange".

Ilikuwa hivi. Mama mmoja wa Mbinga aliniagiza mashuka sita ya kutoka China, binti yake alikuwa na sendofu. Akatuma hela yote, 210,000. Nikamlipa saplaya, nikamuuliza mzigo unatoka lini. Akajibu kwamba wata-"arrange" usafiri. Nikaipeleka kwenye programu ya kutafsiri, ikasema "tutapanga usafirishaji". Mi nikaona mambo safi. Nikamwandikia mama: mzigo umeshapangwa, uwe na amani.

Kumbe mashuka yalikuwa hata hayajashonwa.

Kila akiuliza namwambia yamepangwa. Siku tatu kabla ya sherehe akanipigia, sauti ya chini kabisa: "Mwanangu, usinipange." Nilinyamaza. Mzigo ulifika sherehe imepita siku tisa. Hela nikarudisha yote, mashuka nikabaki nayo.

Baada ya hapo nikaanza kulichunguza hilo neno. Kwa Kiingereza lina kazi kama tatu. Ni kuweka vitu sehemu zake, kama mashuka kwenye shelfu. Ni kuandaa jambo litakalofanyika baadaye, kama safari au kikao. Na ni kuafikiana, kama ndoa wanayoipanga wazazi. Saplaya alisema ile ya pili. Hakunidanganya! Alisema atashughulikia, mimi ndo nikaligeuza kuwa ameshatuma. Ndugu za neno hilo nao wana mambo yao: "sort" ni kutenganisha kwa aina, yaani kuchambua kama tunavyochambua mitumba, na "order", hii tuliyoifanya oda, kwao ni mpangilio na pia ni amri.

Kwetu kupanga ndo kumezidi. Unapanga vyombo kabatini, unapanga chumba kwa mwenye nyumba. Ukimwambia mteja "nimepanga stendi" atajua umepata fremu kule. Mwaka 2021 serikali ilipoanza kuwapanga machinga, kwa mwenye meza pembeni ya barabara kupangwa kulikuwa kuhama kwenda eneo lililotengwa. Mpirani kupanga kikosi ni kazi ya kocha, kupanga matokeo ni kosa. Na kwenye magrupu yetu mtu akisema "jamani tupange bei ya shuka, asiuze mtu chini ya hapa", muwe makini, maana Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza washindani kuafikiana bei. Kujipangia bei yako mwenyewe ni sawa. Halafu sasa ndo kuna kupanga kule kwa mtaani, kumpiga mtu maneno mpaka achoke kudai. Yule mama alimaanisha hiyo.

Sasa mimi nasema hivi: neno lenye kazi zote hizo usimpe mtu ambaye hela yake unayo. Maneno ya kueleweka yapo tele. Nimeagiza. Nimelipia. Yanashonwa. Nimepokea, nimekagua, nimefunga mzigo, nimekabidhi kwenye basi. Kila moja linamwambia mteja hela yake imefika hatua gani, na ukidanganya utakamatwa siku hiyohiyo. Nadhani ndo maana wengi tunapenda "tunapanga", halina siku ya kukamatwa.

Najua kuna atakayesema naongelea neno tu, wateja wanaelewa. Dukani sawa. Mteja anakuona, anashika shuka, akikasirika anakaa kwenye benchi lako mpaka umpe jibu. Mtu aliyeko Tunduru au Namtumbo ana nini mkononi zaidi ya ulichomwandikia?

Siku hizi saplaya akinijibu na lile neno namrudia hapohapo: mzigo umetoka au haujatoka, tarehe ngapi, nitumie picha. Wengine wanakereka, wengine wanatuma. Nisipopata jibu namwandikia mteja "bado haujatoka, saplaya hajanipa tarehe". Mwezi uliopita wawili walighairi kwa sababu ya meseji hiyo. Inauma, ila walighairi mapema, na sikudaiwa shuka na mtu siku ya sherehe yake.

Yale mashuka sita niliyauza mojamoja kwa wanachuo wa hapa Matogoro, kwa bei ya kununulia. Yule mama hajaniagiza kitu tena. Juzi tu niliona jina lake kati ya walioangalia stetasi yangu, nikataka kumsalimia, nikafuta.