Afya ya Jamaa: Jeraha la Kiwiko na la Goti



Mara hii twataka kusema habari ya jeraha moja ambalo watu wengi hulidharau, maana halitoki damu nyingi, wala halimzuii mtu kurudi nyumbani kwa miguu yake. Ni jeraha la ncha ya kiwiko, au la goti upande wa mbele. Yeyote aliyepata kusafiri katika nchi ya Wamaza, tangu Kasongo mpaka Kabambare, ameona jinsi linavyopatikana. Kijana amepakia baisikeli yake mafuta ya mawese, mchele na chumvi, hata mzigo wampita kimo. Anateremka mlima huku akivuta breki zisizoshika, gurudumu lateleza katika changarawe nyekundu, naye aanguka kwa kiwiko. Siku hizi pikipiki zimekuwa nyingi na mwendo wake ni mkali zaidi, lakini changarawe ni ile ile.

Kijana ainuka, ajipangusa vumbi, akunja mkono na kuunyosha: mkono wafanya kazi. Penye ncha ya kiwiko pana mpasuko usiozidi upana wa vidole viwili. Basi aufunga kwa kitambaa alichokuwa nacho mfukoni, akaendelea na safari yake. Siku ya tatu mkono umevimba mpaka karibu na bega, una moto, naye mwenyewe atetemeka kwa homa. Jamaa washangaa: je, kidonda kidogo namna hii chaweza kumlaza mwanamume mzima? Wengine waanza kuulizana ni nani mwenye kumwonea kijivu. Kumbe sababu iko pale pale chini ya ngozi, na mganga wa hospitali aweza kuionyesha kwa kidole.

Ukitaka kuielewa, kunja mkono wako sasa hivi, kisha shika ngozi ya ncha ya kiwiko kwa vidole viwili na kuisogeza huku na huku. Yateleza, sivyo? Yateleza kwa kuwa kati ya ngozi na mfupa kimewekwa kifuko chembamba sana, chenye kuta mbili zinazolaliana, na katikati yake ute kidogo wa kulainisha, kama mafuta katika bawaba za mlango. Waganga hukiita bursa, neno la Kilatini lenye maana ya kifuko cha fedha. Wanafunzi wanaojifunza Kifaransa watalitambua mara moja. Mwilini mwa mtu mna vifuko vya namna hii zaidi ya 100. Vingi vimefichwa ndani, katikati ya nyama na kano. Lakini hiki cha ncha ya kiwiko, na kile kilicho mbele ya kifuniko cha goti, viko chini ya ngozi tu, wala havina nyama ya kuvikinga. Ndivyo vinavyoumizwa kwanza mtu akianguka.

Kifuko chaweza kuumia bila ngozi kupasuka. Mtu akijigonga, damu huvuja ndani yake, na penye kiwiko hutokea uvimbe laini kama yai la kuku. Tena chaweza kuumizwa polepole, kwa kusuguliwa siku baada ya siku. Katika machimbo ya makaa ya mawe ya Uingereza, ambako watu walifanya kazi kwa magoti katika mashimo yasiyowaruhusu kusimama, ugonjwa huu ulikuwa mwingi hata sheria ya fidia ikauhesabu kuwa ugonjwa wa kazi, tangu mwanzo wa karne ya 20. Wazungu wana majina ya kuchekesha juu yake: wasema “goti la mtumishi wa nyumbani” kwa sababu ya watumishi waliosugua sakafu, “kiwiko cha mwanafunzi” kwa sababu ya wale wanaoegemea meza wakisoma usiku, na hata “goti la padri”, ambalo huvimba chini kidogo ya kifuniko cha goti, mahali panapobonyea mtu apigapo magoti akiwa amejiinua. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali. Waulizeni vijana wanaochimba dhahabu upande wa Namoya jinsi magoti yao yalivyo baada ya mwezi mmoja shimoni.

Uvimbe wa namna hii, kama ngozi ni nzima, wala si nyekundu, wala hauna moto, haudai kisu. Wadai mapumziko. Mgonjwa afunge bendeji isiyokaza mno, aweke kitambaa chenye maji baridi mara kwa mara, asiegemee kiwiko wala asipige goti juu yake kwa majuma kadhaa. Mara nyingi hunywea wenyewe. Mganga aweza kuvuta maji yake kwa sindano, lakini kazi hiyo si ya nyumbani, maana sindano chafu hupeleka usaha mahali ambapo usaha haukuwapo. Na hapa twasema wazi: wembe wa kuchanja na pembe ya kuumika visikaribie uvimbe huo hata kidogo. Ukiwa mwekundu, ukipata moto na homa, usikae nao, nenda ukaonwe. Na ukidumu miezi mingi, mganga apime kama si jongo au kifua kikuu, kwa sababu hayo nayo hupenda kujificha humo.

Turudi sasa kwa kijana wetu, ambaye ngozi yake imepasuka na kifuko kimefunuka. Mbona jeraha dogo likawa kubwa? Alipoanguka, mkono wake ulikuwa umekunjwa, na ngozi imevutwa kwa nguvu juu ya mfupa. Changarawe ikapasua ngozi, ikapasua na kifuko, ikaacha ndani vumbi na chembe za mawe. Alipounyosha mkono, ngozi ikateleza kurudi mahali pake, na tundu la ngozi likaachana na tundu la kifuko. Uchafu ukafungiwa ndani kama mwizi aliyefungiwa ghalani. Juu twaona mpasuko safi. Chini yake mna chumba chenye joto, chenye ute, ambacho damu ya kuleta ulinzi hakifikii kwa wingi. Vijidudu viitwavyo stafilokoki, ambavyo hukaa juu ya ngozi ya kila mtu pasipo kumdhuru, vyapata humo mahali pa kuzaana. Ndiyo sababu mwuguzi akishona ngozi tu bila kutazama chini, jeraha lapendeza kwa macho siku mbili, kisha usaha watafuta njia.

Basi, mtu aliyeanguka njiani afanye nini? Aoshe jeraha kwa maji mengi safi, yaliyochemshwa kama yapo, na sabuni. Alifunike kwa kitambaa kilichofuliwa. Asitie kitu kingine. Twajua yanayotiwa: majivu, petroli, majani yaliyotafunwa, unga mweusi wa betri ya tochi, unga wa dawa uliotolewa katika kidonge chake cha rangi mbili. Hayo yote huzidisha uchafu ambao mganga atapaswa kuutoa. Kisha aende kwenye kituo cha afya siku ile ile, kabla ya kulala. Kila saa ipitayo yawafaa wale vijidudu.

Hapo hospitali mganga hatakimbilia uzi na sindano. Kwanza ataomba picha ya mionzi, kama chombo kipo, ajue kama ncha ya kiwiko au kifuniko cha goti kimevunjika. Mara nyingine picha huonyesha na vijiwe vilivyobaki ndani. Halafu lipo swali lililo zito kuliko yote: je, ni kifuko tu kilichofunuka, au ni kiungo chenyewe? Kifuko kilicho mbele ya goti hakina mlango wa kuingia katika kiungo, lakini pigo lililopasua kimoja laweza kupasua na cha pili, na ute wao hufanana. Uchafu ukiingia ndani ya goti, gegedu zinazokaa kwenye miisho ya mifupa zaweza kuharibika kwa muda wa siku chache, na mtu akabaki na mguu usiokunjwa maisha yake yote. Mganga akiwa na shaka, aweza kuchoma sindano ndani ya goti mahali pengine penye ngozi nzima, na kupeleka humo maji safi ya chumvi, yapata mililita 150 au zaidi. Maji yakitokea jerahani, amepata jibu lake. Katika habari hii nzima sioni ufundi mwepesi kuliko huu, wala wenye faida kuliko huu.

Kabla ya kisu, mgonjwa hupewa chanjo ya pepopunda, na dawa ya kuua vijidudu. Hutiwa ganzi, ama ya mahali pale tu, ama ya mkono au mguu mzima. Mganga huosha jeraha kwa maji mengi, hukata kingo za ngozi zilizopondeka, kisha hukitazama kifuko chenyewe. Hapo waganga hawakubaliani wote. Wengi wamefundishwa kukitoa chote, kwa kuwa kifuko kilichochafuliwa ni kiota cha usaha. Wengine, na siku hizi wameongezeka, wasema kwamba jeraha likiwa bichi na uchafu si mwingi, yatosha kuondoa sehemu iliyopondeka na kuosha vizuri, kwa maana ngozi ya mahali hapo ni nyembamba, na kadiri inavyochunwa toka chini ndivyo inavyokosa damu na kuchelewa kupona. Mimi naona kwamba katika njia zetu, ambako wagonjwa huja wamekawia na jeraha limejaa udongo mwekundu, wale wa kwanza watakuwa na haki mara nyingi. Lakini mwenye kuamua ni yule aliyeliona jeraha.

Kukitoa kwataka mkono mtulivu. Penye kiwiko, upande wa ndani, wapita mshipa wa fahamu uendao kwenye kidole cha mwisho na jirani yake. Ndio ule unaokutia umeme mkononi ukijigonga ukingoni mwa meza. Ukikatwa, vidole hivyo vyapotewa na nguvu. Tena mganga akiweza huupeleka mkato kando ya ncha ya mfupa, ili kovu lisikae mahali ambapo mtu ataegemea kila siku. Kazi ikiisha, pale kilipokuwa kifuko pabaki nafasi tupu, na damu hupenda kujaa humo. Kwa hiyo huwekwa mpira mwembamba wa kuipitisha nje, nao hutolewa baada ya siku moja au mbili. Mgonjwa aliyefika amechelewa, usaha umekwisha kutanda, hashonwi siku ile. Jeraha lake huachwa wazi na kuoshwa kila mara mpaka lisafike, ndipo lishonwe. Jamaa wasinung'unike wakiona hivyo, wakidhani mganga amekuwa mvivu.

Waganga wa nchi nyingi walijua jina la Kasongo. Tangu mwaka 1971 waganga wa Zaire ya siku zile, pamoja na Chuo cha Maradhi ya Nchi za Joto cha Antwerp, Ubelgiji, walijaribu huko mpango wa vituo vidogo vya afya karibu na vijiji, na hospitali moja ya kupokea wale waliowashinda. Mpango huo ulisaidia kuonyesha njia nchi ilipogawanywa kuwa zoni za afya katika miaka ya 1980. Leo jimbo la Maniema lina zoni 18, na Kasongo, Kabambare, Saramabila na Lusangi zimo. Nayataja hayo kwa sababu jeraha letu ni mfano wake hasa: mwuguzi wa kituo aoshe, achanje pepopunda, aanze dawa, afunge, kisha aandike karatasi ya kumpeleka mgonjwa mbele. Twajua safari ni ndefu, na fedha hazipatikani upesi, na wengine huomba kwanza wauze mzigo wao. Na auze ndugu yake. Mwenye jeraha aende.

Baada ya kushonwa, kiungo hufungwa kwa ubao au plasta, goti likinyoshwa, kiwiko kikikunjwa kidogo, yapata siku 10 hadi 14, mpaka nyuzi zitolewe. Watu wengi huharibu hapo. Jeraha haliumi tena, shamba laita, mgonjwa avua ubao siku ya tano na kushika jembe, na ngozi yafunuka upya. Nyuzi zikitoka, aanze kukunja na kunyosha kidogo kidogo kila siku, ili kiungo kisikakamae. Wengi huuliza kama mtu aweza kuishi bila kile kifuko kilichotolewa. Aweza, tena mwili hujitengenezea kingine mahali pale pale baada ya miezi, kwa kusuguana kwa ngozi na mfupa. Mpaka kitakapokuwa tayari, mwenye kupalilia au kuchimba kwa magoti ajifungie kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu kuukuu, kilichoshonewa nguo nene upande wa ngozi.