Barua ya wazi kwa Zohran Mamdani: nauli iko Albany

Mheshimiwa Meya, Ndugu Zohran Kwame Mamdani,

Tangu ushinde umeya wa New York Novemba 2025, huku Afrika Mashariki umekuwa mtoto wa kila mtu. Waganda wanakudai kwa kuwa ulizaliwa Kampala mwaka 1991. Dar es Salaam nako wapo wanaokumbusha kwamba baba yako, Profesa Mahmood Mamdani, alifundisha Mlimani, chuo kikuu chetu, miaka ya sabini, baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, na kwa hesabu zao hilo linatosha kukufanya wa kwetu. Hata jina lako la kati, ulilopewa kwa heshima ya Nkrumah, linatajwa vijiweni kana kwamba ni pasipoti.

Sina ugomvi na furaha hiyo. Ila katika shangwe zote sijasikia mtu akiuliza ulifanya nini Albany, makao makuu ya jimbo. Kuanzia Januari 2021 ulikaa miaka mitano katika Bunge la Jimbo la New York, mmoja kati ya wabunge 150 wa baraza la chini, ukiwakilisha Astoria, mtaa wa Queens. Kwa hiyo barua hii, ingawa bahasha ina jina la meya, namwandikia yule mbunge. Nadhani yeye anajua jambo ambalo litamkosesha meya usingizi.

Ulipata uraia wa Marekani mwaka 2018. Kazi yako ilikuwa kuwashauri wenye nyumba ambao benki zilikuwa mbioni kupiga mnada makazi yao. Juni 2020, kwenye kura za mchujo, ukamwangusha Aravella Simotas, aliyekalia kiti kile tangu 2011, kwa kura mia nne na ushei tu. (Naye amezaliwa Zambia. Watu wa Astoria walikuwa wakichagua kati ya Mzambia na Mganda kwa kuzaliwa, na sidhani kama wengi walilitambua hilo.)

Kisha likaja suala la teksi za njano. Wasomaji wengi wa huku hawalijui, nalo ndilo lililonifanya nianze kukufuatilia. Kuendesha teksi ya njano New York kunahitaji kibali, na alama yake ni kile kibati kinachofungwa kwenye boneti. Kufikia 2014 kibali kimoja kiliuzwa zaidi ya dola milioni moja. Madereva, wengi wao wahamiaji, walikopeshwa kwa kuaminishwa kwamba bei haishuki. Zikaja teksi za kuitwa kwa simu, bei ikaporomoka, deni likabaki palepale. Wengine walikuwa wakidaiwa zaidi ya dola nusu milioni, na mwaka 2018 baadhi yao walijiua. Kijana wa bodaboda wa Dar aliyechukua pikipiki kwa mkataba, anayepeleka hesabu kila jioni hata siku ambayo hakupata abiria, hahitaji kuelezwa zaidi. Tofauti ni kwamba mkataba wake una mwisho, na wao walikuwa wakilipa riba wakiwa wazee.

Oktoba 2021 madereva wale walianza mgomo wa kula mbele ya ofisi za jiji, nawe ukagoma pamoja nao. Mgomo ulidumu siku 15. Tarehe 3 Novemba jiji na mkopeshaji mkubwa wakakubali: mikopo ishushwe hadi dola 170,000, marejesho ya mwezi yasizidi dola 1,122, na jiji lenyewe liwe mdhamini. Ninachokiona hapo ni kwamba hakukuwa na muswada uliopigiwa kura. Ulikuwa mbunge, lakini ushindi wako unaokumbukwa kuliko wote ulipatikana barabarani, ukiwa na njaa, na fedha zilitoka mahali pengine kabisa.

Mengine nayapitia haraka. Ulisimama na majirani zako kupinga mtambo mpya wa umeme wa gesi pale Astoria, na idara ya mazingira ya jimbo ikaunyima kibali mwaka 2021. Ulikuwa miongoni mwa waliosukuma sheria ya umeme jadidifu wa umma, iliyopita 2023. Muswada wako wa kuzuia misaada ya hisani kutoka New York isiende kwenye makazi ya walowezi wa Kiisraeli haukufika popote. Na miswada yako mwenyewe iliyogeuka sheria ni michache sana. Wapinzani wako waliitumia hoja hiyo kukubeza wakati wa kampeni, na sioni sababu ya kuificha. Bunge ambalo bajeti yake huamuliwa na gavana, spika na kiongozi wa seneti wakiwa wamejifungia chumbani halimpi nafasi kubwa mbunge kijana, tena msoshalisti.

Hata hivyo kuna jambo moja ulilolichomoa kutoka chumba kile: mabasi ya bure. Wewe na Seneta Michael Gianaris mlipigania mpango wa kurekebisha usafiri wa umma, na katika bajeti ya 2023 mkapata majaribio. Kuanzia Septemba mwaka ule hadi mwisho wa Agosti 2024, ruti tano, moja kwa kila sehemu ya jiji, hazikutoza nauli: B60 kule Brooklyn, Bx18 Bronx, M116 Manhattan, Q4 Queens na S46/96 Staten Island. Nauli ya kawaida ilikuwa dola 2.90. Abiria waliongezeka kwa asilimia 30 siku za kazi na 38 mwishoni mwa wiki, na mashambulizi dhidi ya madereva yakapungua kwa karibu asilimia 39. Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo iliyonigusa. Ugomvi wa ndani ya basi, hapa au kule, mara nyingi huanzia kwenye nauli.

Lakini ripoti iliyotoa takwimu hizo ina upande mwingine ambao kwenye video zako huonekana kwa nadra. Mamlaka ya usafiri, MTA, ilisema sehemu kubwa ya safari zilizoongezeka zilifanywa na watu waliokuwa tayari wanapanda mabasi. Mabasi yenyewe hayakuongeza mwendo. Isitoshe, mwaka 2024 karibu nusu ya abiria wa mabasi ya New York walikuwa hawalipi kabisa, jambo ambalo konda wa Mbagala, hapa Dar, akilisikia atadhani unamtania. Bajeti ya 2024 ilipopita, majaribio hayakuongezewa muda, na ruti zile tano zikarudi kutoza.

Ukaja kugombea umeya kwa ahadi ya mabasi ya haraka na ya bure kwa jiji zima. Hapo ndipo namhitaji yule mbunge. Yeye anajua kwamba MTA ni chombo cha jimbo, si cha jiji: gavana humteua mwenyekiti wake, na meya hupendekeza wajumbe wanne tu wa bodi. Anajua kwamba pengo la nauli, ambalo wewe mwenyewe ulilikadiria kuwa takriban dola milioni 700 kwa mwaka na wengine wanaliona kubwa zaidi, haliwezi kuzibwa kwa kodi mpya kwa matajiri bila Albany kukubali. Gavana Kathy Hochul amesema mara kadhaa kwamba hataki kupandisha kodi ya mapato. Ahadi yako ya kusimamisha kodi za pango ni kitu kingine, maana wajumbe wa bodi inayozipanga unawateua wewe. Nauli haimo mfukoni mwako. Ilipanda hadi dola 3 Januari 2026, mwezi uleule ulioapishwa.

Utaniuliza, ya New York yananihusu nini. Yananihusu kwa sababu naishi katika jiji ambalo limeshaonyesha nauli nafuu bila fedha nyuma yake huwa na sura gani. Hapa mdhibiti, LATRA, hupanga nauli za daladala. Mwishoni mwa 2023 ilipanga mtu mzima alipe shilingi 600 kwa safari isiyozidi kilomita kumi. Mwanafunzi alipe 200. Ni utaratibu wa huruma kabisa, ila tofauti ile ya shilingi 400 hairudishwi kwa mwenye gari. Dereva ana hesabu ya tajiri jioni, ana mafuta, ana konda. Nenda kituoni saa kumi na mbili asubuhi uone: konda amejibana mlangoni, mkono mmoja umeshika bomba, wa pili umezuia watoto wenye sare na mabegi, anapaza sauti, "Wanafunzi wawili tu!" Wawili wanaingia, mmoja akipenya chini ya kwapa lake, wengine wanabaki kusubiri gari linalofuata, ambalo nalo lina konda wake. Watu wazima tunapita juu yao na noti mkononi. Kwa miaka mingi tumemlaumu konda kwa roho mbaya. Roho mbaya ipo, sikatai, lakini kinachomsukuma hasa ni hesabu ya jioni, na waliompangia hesabu hiyo hawasimami kituoni.

Basi la New York halina konda, kwa hiyo ubahili wa bajeti hautaonekana mlangoni. Utaonekana kwenye ratiba: gari lililokuwa likija kila dakika nane litakuja kila dakika kumi na tano, na mfanyakazi wa usafi wa usiku kule Bronx atasubiri kwenye baridi basi la bure. Ninachoomba, ndugu, ni kwamba usiondoe nauli hata kwenye ruti moja kabla fedha za kuifidia hazijaandikwa kwenye bajeti ya jimbo, na idadi ya mabasi kwenye ruti hiyo haijawekwa kwa maandishi. Albany ikigoma, waambie wapiga kura wako kwa majina nani amegoma. Usiwaache wadhani kwamba meya alikuwa na ufunguo akakataa kuutumia.

Na jambo la pili, dogo kidogo. Vijana wa huku wanaotamani udiwani na ubunge wanajifunza kwako namna ya kupiga video fupi ukitembea barabarani. Siku ukiongea nao, waeleze pia miswada iliyokwama, na ruti tano zilizopatikana na kupotea ndani ya mwaka mmoja.

Bajeti ya jimbo inatakiwa kuwa tayari kila tarehe 1 Aprili. Ukienda tena Albany kuomba, sitashangaa kama jiji zima litakataliwa. Omba basi ruti zile tano zirudi kuwa za bure, Q4 na wenzake, kwa miaka mitatu badala ya mmoja, ili takwimu zisibishaniwe. Kisha tujulishe fedha zimetoka kwenye fungu gani.



Abiria wa daladala,
Dar es Salaam