Diski mpya ziwe mbili, na moja isilale Mabela

Sisi tulioko Mabela, hapa Maskati, tunaulizwa sana na jamaa suali moja: kompyuta ya nyumbani imekuwa nzito, tuibadilishe diski au tuziwache fedha zetu? Jawabu letu ni kuibadilisha, lakini si kwa sababu anayoitaja muuza duka.

Yeye hutaja kasi, na kasi kweli ipo. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika. SSD haina kinachozunguka, na mashine iliyokuwa ikichukua dakika nzima kuwaka huwaka kwa sekunde chache. Lakini tusidanganyane. Windows 10 iliondolewa msaada wake wa kawaida Oktoba 14, 2025, na diski mpya haitaifanya mashine kongwe ikubali Windows 11.

Suala khasa ni kilichomo ndani. Waliokimbia Unguja na Pemba mwaka 1964 waliacha picha na hati zao makabatini. Waliovuka kwenda Shimoni, Kenya, baada ya mauaji ya Januari 2001 hawakubeba masanduku. Kilichookoka, yaani picha za harusi, sauti za wazee ambao leo ni marehemu na maelezo ya watu waliotuamini, wengi wetu tumekiweka katika diski moja chini ya meza, katika mji ambao joto la Juni hupita nyuzi 40.

Na maji je? Juni 2007 Kimbunga Gonu kiliingiza maji majumbani hapa Maskati. Oktoba 2021 Shaheen ikaipiga Batina. Kwetu Zanzibar, sehemu ya Beit al Ajaib, jengo lililokuwa makumbusho, iliporomoka Desemba 25, 2020. Kitu kikiwa pahala pamoja tu, msiba mmoja unakimaliza.

Kwa hivyo ushauri wetu ni huu. Nunueni SSD ndogo ya kuwashia kompyuta. Kwa akiba, nunueni diski mbili kubwa za kuzunguka, kwani SSD ikikaa muda mrefu bila ya umeme, khasa kwenye joto, inaweza kupoteza kilichomo. Wala msiridhike na diski mbili zinazojinakili ndani ya kompyuta moja: faili likifutwa hufutika kote kuwili, na mwizi akija huchukua zote. Moja ibaki Mabela. Ya pili, ikiwa imefungwa kwa neno la siri, apewe jamaa anayekwenda Unguja, Mombasa au London. Kila mwaka zifunguliwe zikaguliwe.

Wapo watakaosema picha zao zimo kwenye simu. Simu huibiwa, na picha iliyopitishwa WhatsApp mara nyingi hupunguzwa ubora. Wengine watasema kazi hiyo ni ya serikali. Zanzibar ina Nyaraka za Taifa pale Kilimani, na Oman ina mamlaka yake ya nyaraka tangu 2007. Lakini sauti ya bibi yako haimo huko wala huku.

Gharama ipo, hatukatai. Kwa asiyemudu zote kwa mara moja, basi SSD ingoje na diski ya pili itangulie. Kompyuta nzito inavumilika.