Mishororo Mitatu: Kwa Nini Malenga wa Kiswahili Ajifunze Kikorea

Vijana wetu wengi wanaojifunza Kikorea siku hizi wameingilia mlango wa tamthilia na nyimbo. Siwalaumu, mgeni huingia kwa mlango aliokuta wazi. Lakini kwa mtunzi wa Kiswahili upo mlango mwingine, mkongwe zaidi, nao ni utanzu mfupi wa ushairi uitwao sijo. Rai yangu ni kwamba malenga ana sababu za kifani za kujifunza lugha hii, na kwamba sijo inaweza kutusaidia kuutazama upya ugomvi wetu wa vina na mizani.

Sijo ina mishororo mitatu, kama tathlitha yetu. Kila mshororo una mizani 14 hadi 16 hivi, kwa hiyo sikio lililozoea mizani 16 za tarbia halitapotea njia. Tofauti ni kwamba mshororo wa sijo hugawanyika vipande vinne, si viwili. Wa kwanza huanzisha jambo, wa pili huliendeleza, wa tatu hulipindua kisha hulifunga. Na hapo kwenye kupindua ndipo sheria inapokaza: kipande cha kwanza cha mshororo wa tatu sharti kiwe na mizani 3 kamili, na cha pili kisipungue mizani 5. Kwingineko mtunzi anaweza kuongeza au kupunguza mizani bila kulaumiwa. Vina havidaiwi popote.

Kwa nini vina havidaiwi? Jibu naliona katika sarufi. Kikorea huweka kitenzi mwisho wa sentensi, na vitenzi vyake huishia kwa viambishi vilevile mara kwa mara. Kina cha mwisho kingepatikana bila jasho, na kisichotolewa jasho hakimpi fundi sifa. Kiswahili nacho huishiliza karibu maneno yake yote kwa irabu, hivyo kina kimoja ni rahisi kwetu. Nadhani ndiyo maana wazee wetu hawakuridhika na kimoja: walidai cha kati na cha mwisho, tena vidumu ubeti mzima. Kila kanuni ni jibu kwa tabia ya lugha yake.

Sasa turudi nyumbani. Tangu Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974, tumegawanyika makundi mawili. Kundi moja linasema pasipo vina na mizani hapana shairi. La pili linasema vina na mizani ni pingu. Wote wanaizungumzia sheria kana kwamba ni kitu kimoja kizima, cha kupokelewa au kutupwa chote. Sijo inatuonyesha kwamba sheria inaweza kulegea katika sehemu nyingi na kukaza katika moja tu, pale penye uzito wa maana. Wakorea nao walipokea shairi huru mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini katika miaka ya 1920, nchi yao ikiwa chini ya utawala wa Wajapani, Choe Namseon na wenzake waliinua sijo upya. Hadi leo tanzu zote mbili zinatungwa, na hakuna aliyelazimika kumzika mwenzake.

Wapo watakaouliza: si yatosha kusoma tafsiri za Kiingereza? Hazitoshi. Watafsiri wengi wa Kiingereza huivunja sijo ikawa mistari sita, na anayeisoma huko haioni ile mishororo mitatu niliyoieleza. Katika Kikorea, mizani huonekana hata kwa macho. Herufi za Hangul hazipangwi mojamoja kama zetu, bali hukusanywa katika mafungu, na kila fungu ni silabi moja. Ukihesabu mafungu, umehesabu mizani.

Hati hiyo yenyewe ni funzo. Mfalme Sejong aliibuni mwaka 1443 na kuitangaza mwaka 1446, ili watu wa kawaida, ambao maandishi ya Kichina yaliwashinda, waweze kuandika lugha yao. Umbo la herufi ya n linafuata ulimi unapogusa juu ya kinywa. La m linafuata umbo la kinywa. Mwaka 1444 Choe Manri, msomi wa baraza la mfalme, aliongoza wenzake kuipinga, wakiona ni aibu kuacha njia ya Wachina. Leo herufi zake za msingi ni 24, na mwenye bidii huzijua kwa siku chache.

Pingamizi jingine ni zito zaidi: Kiswahili chenyewe hatujakimaliza, ya Korea tutayaweza wapi? Namjibu mwenye hoja hiyo kwa maneno tunayoyatumia kila siku katika fani hii: shairi, ubeti, bahari, mizani, tarbia. Yote yana asili ya Kiarabu. Wazee wetu walijifunza Kiarabu, wakachukua kilichowafaa, na walichotunga kikawa Kiswahili kitupu. Hawakuogopa kwamba lugha ya mgeni ingewapunguzia yao.

Ili nisibaki kuhubiri, natoa jaribio langu kwa kanuni ya sijo:

Bahari imetulia, ngalawa zimelala;
Mzee ashona wavu, taa yake yafifia;
Si wavu auzibao, ni maisha yavuja.

Msomaji ahesabu. Mshororo wa mwisho unaanza na mizani 3, kisha 5, kisha 4, kisha 3. Nilipokuwa nikitunga, vina havikunikosesha usingizi. Kilichonisumbua ni zile mizani 3 za “si wavu”, kwa kuwa ndizo zilizobeba mgeuko wote. Sidai kwamba utungo huu uingie mahali pa tarbia. Nadai kwamba umenifanya nikirudi kwenye tarbia nijiulize kila sheria inafanya kazi gani, na kituo chango kinabeba nini hasa.

Katika Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni, Kiswahili kimefundishwa kwa miaka mingi. Wako Wakorea wanaoweza kusoma mashairi yetu kama tulivyoyaandika. Kwa upande wetu, tuanze na herufi zile 24, kisha tuihifadhi sijo moja kwa Kikorea chake, tuitamke hadi ulimi uzoee. Ubishi wa vina na mizani tutaurudia baadaye, tukiwa na mfano mmoja zaidi wa kupimia.